Kanzidata ya AMCOS ya korosho: bei niiweke kwenye jedwali lipi?

kijana_tandahimba

Habarini wakuu.

Kuna chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) huku Tandahimba kimenipa kazi ya kuwatengenezea mfumo wa mapokezi ya korosho na malipo ya wakulima. Wanautaka uwe tayari kabla msimu haujafunguliwa Oktoba. Mpaka sasa wanatumia faili la Excel lililoachwa na karani aliyehama. Lina karatasi moja, mstari mmoja kwa kila mkulima: jina, simu, namba ya NIDA, kilo, daraja, bei, makato, malipo.

Tatizo ni kwamba mkulima analeta mzigo mara tatu, mara nne, wengine zaidi. Sehemu inaingia mnada wa kwanza, nyingine inasubiri wa pili au wa tatu, na bei hazilingani. Ndani ya faili bei ina safu moja tu. Karani alikuwa anajumlisha kilo zote, anaweka bei ya mnada wa mwisho, anazidisha. Msimu uliopita wakulima walilalamika sana, na hakuna kiongozi aliyeweza kuwaonyesha hesabu imetoka wapi, maana bei za minada ya mwanzo zilishafutwa kwa kuandikiwa juu.

SQL, lugha ya kanzidata, naijua, kanuni za kugawa majedwali nilifundishwa chuo. Ila mifano ya chuo ilikuwa ya wanafunzi na masomo yao, hapa naona kila nikichora inakataa. Bei ikae wapi? Kwa mkulima, kwa mzigo au kwa mnada? Na nianze na majedwali mangapi?

Natanguliza shukrani.

mzalendo_kusini

Mkuu usijipe kazi kubwa. Ongeza tu safu: kilo1, bei1, kilo2, bei2, mpaka sita hivi. Mkulima wa kawaida hazidishi hapo. Nimefanya hivyo kwa duka la pembejeo na linakwenda vizuri.

mama_majedwali

Salama mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kujenga.

Ndugu yangu mzalendo, kwa heshima zote, hizo safu sita kwa ushirika hazifai. Atakayeleta mara ya saba ataandikwa wapi? Na meneja akiuliza ghala lilipokea kilo ngapi Jumanne, utajumlisha safu sita kwa kila mkulima, na tarehe zenyewe utakuwa umeziweka safu zipi nyingine sita? Jambo hili lina historia ndefu. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule San Jose, California, alilizungumzia mwaka 1970 katika makala iliyoanzisha kanzidata za majedwali yenye uhusiano: kitu kinachojirudia kwa mtu mmoja kipewe jedwali lake, kila kurudia kuwe na mstari wake. Anayeleta mara saba ana mistari saba, anayeleta mara moja ana mmoja, na muundo haubadiliki.

Sasa swali la bei. Jibu fupi: bei inakaa kwenye mauzo. Jibu refu ndilo lenye faida kwako.

Mimi kazi hii nimeifanya kwenye kahawa, Kilimanjaro. Kahawa na korosho zinakutana mahali pamoja panapoamua muundo wote: siku mkulima anakabidhi mzigo, bei haijulikani. Kahawa inakwenda kukobolewa, inapelekwa mnadani Moshi, mkulima anapata malipo ya awali na nyongeza inafuata mauzo yakienda vizuri. Korosho, tangu stakabadhi ghalani ilipoanza kutumika msimu wa 2007/2008, inakaa ghala kuu ikingoja wanunuzi. Kwa hiyo kupokea ni tukio moja na kuuza ni tukio jingine. Tarehe zake ni mbalimbali, uzito wake hutofautiana, na hata karatasi inayothibitisha tukio la kwanza siyo inayothibitisha la pili. Faili ulilokabidhiwa limeyabana matukio hayo ndani ya mstari mmoja, ndiyo maana bei mpya ilikuwa inaifuta ya zamani.

Kabla ya kugusa kompyuta, nenda ukakae kwenye mizani. Kama msimu bado, omba vitabu vya hati vya misimu miwili iliyopita uvisome ukurasa kwa ukurasa, na macho yako yakae zaidi pembezoni. Hapo ndipo karani anapoandika yale ambayo safu za kitabu hazikumpa nafasi. Kwenye chama kimoja cha kahawa nilichofanyia kazi, kitabu kilikuwa na safu za namba, jina, kilo na daraja, safi kabisa. Pembeni, kwa kalamu nyekundu: «kilo 12 za mama yake». Mistari michache chini: «atakatwa mbolea». Ukurasa unaofuata: «amechukua mwanae».

Nilikaa na ile kalamu nyekundu muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. «Kilo 12 za mama yake» inakuambia kwamba aliyebeba mzigo si lazima awe mwenye mzigo, na hati moja inaweza kuwa na wenyewe wawili. «Atakatwa mbolea» ni deni, na deni lina maisha yake: lilianza lini, ni kiasi gani, limelipwa kwa makato ya malipo yapi, limebaki kiasi gani. «Amechukua mwanae» maana yake aliyepokea fedha anahitaji sehemu ya kuandikwa, la sivyo mwakani mzee atakuja kudai kwamba hakulipwa na nyote mtakuwa hamna ushahidi. Mbunifu akianza na safu za kitabu peke yake, karani ataendelea kuandika pembeni, na mfumo utakuwa na nusu ya ukweli.

Ukishasoma hivyo, chora. Tumia mtindo alioueleza Peter Chen mwaka 1976: vitu kwenye visanduku, uhusiano kwenye vialmasi vilivyounganishwa navyo kwa mistari, na kila ncha ya mstari uandike kama ni mmoja au wengi. Tumia karatasi kubwa na penseli, mbele ya karani na meneja wa chama. Wao hawahitaji kujua SQL. Watakuambia «hapana, hapa umekosea, gari moja linabeba mzigo wa watu mia».

Na hilo gari ndilo linalokukatalia mchoro wako. Tuseme una jedwali la wakulima na jedwali la mapokezi, kila kipimo cha mizani mstari wake. Kisha una shehena, yaani kilichopakiwa kwenda ghala kuu na kupewa namba ya stakabadhi. Shehena moja ina mapokezi mengi. Lakini pia pokezi moja laweza kugawanyika: gari limejaa, magunia mawili ya mzee yamebaki kungoja safari ijayo. Wengi kwa wengi. Hapo unahitaji jedwali la katikati, mimi ningeliita «mgawo», lenye vitu vitatu tu: pokezi lipi, shehena ipi, kilo ngapi. Jedwali hili dogo ndilo faili lenu lilikosa. Baada ya hapo yanakuja mauzo: shehena ipi, mnada upi, kilo ngapi, bei gani. Bei iko hapo, ina mahali pamoja tu, na hakuna anayeandikia juu ya mwingine.

Fanya hesabu kwa mkono uone. Mzee ameleta kilo 180. Kilo 120 zimeuzwa kwa shilingi 3,400, zilizobaki 60 kwa 3,150. Anastahili 408,000 na 189,000, jumla 597,000 kabla ya makato. Kwa njia ya faili la zamani, kilo 180 kwa bei ya mwisho, angeandikiwa 567,000. Shilingi 30,000 zimepotea bila mtu yeyote kuiba. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu kijijini zitasemwa zimeibwa, na atakayesemwa ni karani.

Kuna unyaufu pia. Mzani wa kijijini umesema hivi, mzani wa ghala kuu umesema pungufu, kwa kuwa korosho imepoteza maji au mizani haikubaliani. Usithubutu kuubadilisha uzito wa mapokezi ili ufanane na wa ghala kuu. Vyote viwili ni kweli, kila kimoja kwa siku yake na mzani wake. Uzito wa kijijini ukae kwenye mapokezi, wa ghala kuu kwenye shehena, na tofauti uikokotoe kila unapoihitaji. Jinsi tofauti hiyo inavyogawanywa kwa wakulima ni uamuzi wa chama, wala usiuamue wewe kimyakimya ndani ya programu. Waulize, waandike kwenye muhtasari wa kikao, ndipo uweke.

Makato yapewe jedwali lake, na kila kato liwe na msimu wake, kiwango chake na tarehe ya kuanza kutumika. Ila siku ya malipo, yaandike makato yale yale yaliyotumika kama mistari chini ya malipo hayo: aina, kiasi. Utaona kama unarudia kitu kinachoweza kukokotolewa. Rudia tu. Kiwango ni kanuni inayoweza kubadilika kesho. Kiasi alichokatwa mzee tarehe fulani ni jambo lililokwisha kutendeka. Ukiacha malipo ya zamani yajikokotoe upya kutokana na viwango vya leo, siku viwango vikibadilishwa malipo ya mwaka jana nayo yatabadilika, na mkaguzi atakuta takwimu zisizofanana na za benki.

Kipimo changu cha muundo mzuri ni hiki. Mkulima amekuja Februari, ana hati mkononi, anauliza kwa nini kalipwa kiasi hiki. Kutoka kwenye namba ya hati yake, je, unaweza kufika kwenye mgawo, shehena, mnada, bei, makato, hadi shilingi iliyoingia kwake, bila kumpigia simu mtu yeyote? Kama kuna sehemu unakwama, hapo kuna jedwali halijazaliwa.

kijana_tandahimba

Dada, sina la kukulipa. Nilikuwa nahangaika na mapokezi na mauzo moja kwa moja, hilo la mgawo sikuliona kabisa. Kesho naenda kuomba vitabu.

Maswali mawili. Ghala la kijiji halina intaneti ya uhakika na umeme unakatika, kwa hiyo nitatumia kompyuta mpakato moja. Kwa programu ya kanzidata, SQLite inatosha, au lazima MySQL? Na mkulima nimtambue kwa nini? Majina yanajirudia mno huku, na mtu huyo huyo leo ni Hamisi, kesho kaandikwa Hamis. Nilifikiria NIDA iwe ufunguo, yaani kitambulisho cha pekee cha kila mstari.

fundi_wa_pwani

Kwa kompyuta moja na karani mmoja anayeandika, SQLite inatosha na kubaki. Ni faili moja, haina seva ya kuwasha, umeme ukikatika katikati ya kuandika inarudi kwenye hali ya mwisho iliyokamilika, mradi umetumia vizuri miamala yake (hatua zinazokamilika zote pamoja au zisihesabike kabisa). Richard Hipp aliianza mwaka 2000 na leo imo ndani ya karibu kila simu janja. Lakini ina tabia zake, uzijue mapema.

Ya kwanza: kwa kawaida haikagui funguo za nje. Utaandika kwamba kila pokezi lazima liwe na mkulima aliyepo, nayo itakubali mkulima asiyekuwepo bila kelele, mpaka uiamuru `PRAGMA foreign_keys = ON`, tena kila programu inapofungua kanzidata upya. Ya pili: safu uliyoitangaza kuwa ya namba itapokea hata neno «themanini». Tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021 unaweza kuizuia kwa kuweka STRICT mwisho wa jedwali. Ya tatu: haina aina ya desimali ya kweli, na namba za desimali zinazoelea zinaharibu senti. Fedha weka shilingi kamili, uzito weka gramu kamili, ukionyesha kilo kwenye skrini ndipo ugawe gramu kwa elfu.

Mapokezi ningeyaanza hivi:

```
CREATE TABLE mapokezi (
  id       INTEGER PRIMARY KEY,
  msimu    TEXT NOT NULL REFERENCES misimu(msimu),
  hati     TEXT NOT NULL,
  mkulima  TEXT NOT NULL REFERENCES wakulima(namba),
  aliyeleta TEXT,
  tarehe   TEXT NOT NULL,
  daraja   INTEGER NOT NULL CHECK (daraja IN (1, 2)),
  gramu    INTEGER NOT NULL CHECK (gramu > 0),
  UNIQUE (msimu, hati)
) STRICT;
```

Hati nimeifunga pamoja na msimu kwa sababu vitabu vipya mara nyingi vinaanza tena na namba zile zile. Na ile hati ya wenyewe wawili aliyoisema Mama, ama karani akate hati mbili, ama mkulima na gramu vihamie jedwali la chini yake. Waulize wanafanyaje kabla hujachagua.

Ukisema utatumia MySQL ya zamani iliyobaki kwenye kompyuta za ofisini, angalia toleo. Kabla ya 8.0.16 ilikuwa inaisoma CHECK na kuipuuza. Unadhani umezuia kilo hasi, kumbe hujazuia.

NIDA usiifanye ufunguo. Wapo wazee ambao namba hawana bado, na pokezi haliwezi kungoja. Tumia namba ya uanachama ambayo chama chenyewe kinaitoa, isiyobadilika hata jina likibadilika. NIDA iwe safu ya kawaida, ya pekee pale ilipo. Na iwe maandishi, siyo namba! Ina tarakimu 20, Excel inashika 15 tu. Angalia hilo faili ulilorithi: kama ziliingizwa kama namba, tarakimu tano za mwisho zimegeuka sifuri na hazirudi, itabidi mzikusanye upya kwenye vitambulisho. Simu hivyo hivyo, sifuri ya mbele inaliwa, unakuta namba zinaanza na 7 au 6.

Nakala ya akiba: usinakili faili kwenye flashi wakati programu iko wazi. Tumia amri ya SQLite ya `VACUUM INTO` na jina la faili jipya, kila jioni, flashi mbili, moja ilale kwa mwenyekiti. Na kwa kuwa humo kuna namba za vitambulisho vya watu, ifunge kwa nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavihusu vyama pia, siyo makampuni makubwa peke yake.

mzalendo_kusini

Nimesoma yote. Ile ya shilingi 30,000 imenigusa, maana baba yangu ni mkulima wa korosho. Nafuta ushauri wangu. Swali dogo kwa Mama: karani akikosea kuandika kilo, anarekebishaje? Akiingia na kubadilisha mstari si ndiyo yale yale ya kuandikia juu?

mama_majedwali

Umeuliza swali zuri sana, na ndilo linalotenganisha kanzidata ya kufanyia mazoezi na ile inayoshika fedha za watu.

Angalia karani mzuri anavyofanya kwenye kitabu cha kaboni. Akikosea hachani ukurasa. Anapiga mstari juu ya hati, anaandika «imefutwa», anasaini, anakata hati mpya, na ile iliyofutwa inabaki kitabuni na nakala zake zote. Kanzidata ifuate adabu hiyo. Tengeneza jedwali la kutangua: pokezi lipi limetanguliwa, nani kalitangua, lini, kwa sababu gani, na hati ipi imechukua nafasi yake. Hesabu zote za jumla ziruke yaliyotanguliwa. Karani asipewe kabisa uwezo wa kubadilisha gramu baada ya hati kuchapwa, na ikiwezekana uamuzi wa kutangua uhitaji mtu wa pili, meneja au mjumbe wa bodi. Kwenye SQLite unaweza kuweka kizuizi ndani ya kanzidata yenyewe kinachokataa kila jaribio la kubadilisha au kufuta mstari wa mapokezi, hata likitoka kwenye programu nyingine. Weka kizuizi hicho hapo, usikitegemee kwenye kitufe cha skrini, kwa sababu skrini utazibadilisha mara nyingi na mwenzako atakayekuja baadaye hatajua.

Mgawo nao una sheria yake ambayo ufunguo peke yake hauwezi kuilinda: jumla ya kilo zilizogawiwa kutoka pokezi moja isizidi kilo za pokezi hilo. Na upande wa pili, kilo zilizouzwa kutoka shehena moja zisizidi uzito wa shehena. Andika ulizo (query) mbili za ukaguzi, kila moja irudishe mistari inayovunja sheria. Siku njema inarudisha sifuri. Ziendeshe kila jioni kabla ya nakala ya akiba.

Kwa upande wa kuanza, kijana wangu wa Tandahimba, usiwaambie waache kitabu. Wiki za mwanzo za msimu viende pamoja, kitabu na kompyuta. Kila jioni jumla ya kilo za siku kwa kila daraja ilinganishwe kabla ghala halijafungwa. Zikipishana mnatafuta hati iliyosababisha jioni ile ile, watu bado wanakumbuka nani alileta nini. Ukisubiri mwisho wa mwezi, kumbukumbu zimekwisha na utabaki unakisia.

Deni la mbolea, au kwenu salfa na viuatilifu kama chama kinakopesha, liache toleo la kwanza litoke bila hilo ikiwa muda hautoshi, lakini jedwali lake lichore tangu sasa ili malipo yajue yatakatwa wapi. Mapokezi, mgawo, mauzo na malipo ndiyo yasiyoweza kusubiri.

Ukishapitia vitabu, piga picha mchoro wako uuweke hapa, ufiche majina na namba za watu. Niandikie na ulichokikuta pembezoni. Nataka sana kuona makarani wa korosho wanaandika nini huko.